Gunia la Mahindi na Wizara Zake Nne

Mwezi Desemba mwaka 2024 wajumbe wa serikali mbalimbali walikutana Windhoek, Namibia, wakapitisha ripoti nzito iliyoandaliwa na wataalamu 165 kutoka nchi 57. Ripoti ile inasema kwamba matatizo ya chakula, afya, maji, hali ya hewa na viumbe hai yamefungamana, na kwamba anayejaribu kutatua moja peke yake mara nyingi huzidisha jingine. Maneno mazuri. Lakini mtu anayesimama dukani Manzese au Kariobangi akipima kilo mbili za unga ana haki ya kuuliza: yananihusu nini mimi?

Wiki hii nitajaribu kumjibu mtu huyo, na sitatoka nje ya unga wake.

Ndani ya mahindi, na pia ndani ya karanga, huweza kuwamo sumu ambayo haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha. Wataalamu wanaiita aflatoksini. Siku hizi kwetu Tanzania limezoeleka jina la sumukuvu, ingawa jina hilo hujumlisha na sumu nyingine za kuvu. Hutengenezwa na aina ya ukungu wenye rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, unaoishi katika udongo wa mashamba yetu siku zote. Kupika hakuiondoi. Ugali usongwe hata saa nzima, sumu itabaki humo, kwa sababu moto wa jiko haufikii joto la kuivunja.

Dunia iliifahamu sumu hii kwa bahati mbaya ya ndege. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza katika muda wa miezi michache, na waganga wa mifugo wakashindwa kujua ugonjwa. Waliuita ugonjwa X. Mwishowe ilibainika kuwa chanzo ni mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, yakiwa yameota kuvu. Tangu hapo nchi tajiri zikaanza kupima chakula, kwanza cha mifugo, kisha cha watu. Msikilizaji na aone mpangilio huo: batamzinga wa Uingereza walipata ulinzi miaka mingi kabla ya mtoto wa Kitui au wa Chemba.

Sasa tuitazame Kitui. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu walianza kufika hospitali macho yakiwa ya manjano, matumbo yamevimba, ini limeshindwa kazi. Hesabu ya mwisho ilikuwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walifariki. Watafiti walipopima mahindi ya madukani na sokoni katika maeneo yale, zaidi ya nusu ya sampuli zilikuwa zimepita kiwango kilichoruhusiwa Kenya wakati ule, yaani sehemu 20 katika kila sehemu bilioni. Asilimia 7 ya sampuli zilipita sehemu 1,000.

Nasema sehemu katika bilioni, na najua hesabu hiyo haina sura. Tuipe sura. Kiwango cha leo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10. Chukua magunia 1,000 ya mahindi ya kilo mia mia, yaani malori matatu ya tela na chenji. Gramu moja tu ya sumu, punje ndogo ya chumvi ya mawe, ikitawanywa sawasawa katika magunia yote hayo, basi umefika mpakani mwa kiwango. Ukizidisha gramu hiyo, shehena nzima haifai kuliwa na binadamu.

Kilichotokea Ukambani kinastahili kuelezwa polepole, maana humo ndimo unapoona jinsi mambo yanavyoshikana. Kwanza palikuwa na ukame. Mmea wa mahindi uliokosa maji hudhoofika, ukoko wa punje hupasuka, wadudu hutoboa, na kuvu hupata mlango wa kuingilia. Ukungu huu, tofauti na mwingine tuliouzoea jikoni, hupenda joto na hustahimili ukavu. Kwa hiyo sumu ilianza shambani, mahindi yakiwa bado yamesimama. Kisha, wakati wa kuvuna, mvua ikanyesha nje ya majira yake. Mahindi yakaingia nyumbani yakiwa mabichi.

Hapo ndipo inapoingia njaa. Katika mwaka wa kawaida mkulima angeyaweka ghalani, nje, palipoinuka na kupita upepo. Lakini mwaka ule chakula kilikuwa haba na mtu aliogopa kuibiwa kile kidogo alichopata. Akakihifadhi ndani, chumbani, palipo na joto na hewa nzito. Watafiti walipolinganisha nyumba za wagonjwa na nyumba za majirani wasiougua, waliona hilo waziwazi: waliougua walikuwa wameweka mahindi mabichi ndani ya nyumba. Tena waligundua kuwa wagonjwa walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B kwa wingi kuliko majirani zao.

Haya, tuulize: wale watu 125 waliuawa na nini? Daktari atasema ini. Bwana shamba atasema unyevu. Mtaalamu wa hali ya hewa atasema ukame na mvua isiyo na majira. Mchumi atasema umaskini, maana mwenye fedha angeyatupa mahindi yale akanunua mengine. Wote wanasema kweli, na kila mmoja ana wizara yake, bajeti yake na semina zake.

Wala si Kenya peke yake. Mwaka 1974 majimbo ya Rajasthan na Gujarat huko India yalipoteza zaidi ya watu 100 kwa mahindi ya namna hiyo. Hapa Tanzania, mwaka 2016, watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafa. Ni mikoa ya nyanda kavu hiyo, yenye joto, yenye mvua za kubahatisha, na ambako watu wake hula mahindi asubuhi katika uji, mchana na jioni katika ugali.

Vifo vya ghafla, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya habari. Kazi kubwa ya sumu hii hufanyika kimya. Mtu anayekula kidogo kidogo kila siku hasikii kitu, haendi hospitali, wala jina lake haliandikwi popote. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lililoko Lyon, Ufaransa, limeiweka aflatoksini katika daraja la kwanza la vitu ambavyo hakuna shaka kwamba husababisha saratani kwa binadamu. Saratani yenyewe ni ya ini. Na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B, nguvu ya sumu hiyo ya kuleta saratani huwa takriban mara 30 kuliko kwa asiye na virusi hivyo. Ndiyo maana chanjo ya homa ya ini B, ambayo watoto wa Kenya na Tanzania walianza kupewa katika mpango wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni chanjo dhidi ya sumu ya mahindi pia, ingawa hakuna muuguzi anayemweleza mama hivyo.

Kuna mfano mmoja wa China ninaoupenda kuliko yote. Wilaya ya Qidong, karibu na mlango wa mto Yangtze, ilisifika kwa ubaya: saratani ya ini iliua watu wengi kupita kiasi. Wakazi wake walikuwa wakila mahindi. Mageuzi ya uchumi yalipokuja, kuanzia miaka ya 1980, watu wakapata fedha na ruhusa ya kununua wali, wakaacha mahindi. Watafiti waliokuwa wamehifadhi damu ya watu wa wilaya ile tangu zamani waliipima, wakaona alama ya sumu imepungua hadi karibu kutoweka. Vifo vya saratani ya ini vikashuka kwa karibu nusu, na hao waliopona balaa ni watu wazima ambao hawakuwahi kupata chanjo ya homa ya ini utotoni. Haikuwa dawa, wala hospitali mpya. Ilikuwa mfuko wa mtu kutuna kidogo, akabadili sahani.

Hapo nani atasema kuwa umaskini si jambo la kitabibu? Mtu wa mjini mwenye kipato hula wali leo, ndizi kesho, chapati keshokutwa, viazi siku ya nne. Hata mahindi yake yakiwa na sumu, humpata mara moja moja. Mtu asiye nacho hula kitu kilekile kila siku, tena kwa wingi, kwa sababu hana kitoweo cha kujaza tumbo. Sumu ni ileile sokoni, lakini dozi hupangwa na kipato.

Tukija kwa watoto, ushahidi una utata, na ni heri kuueleza ulivyo kuliko kuupamba. Mwaka 2002 watafiti walichapisha matokeo ya kupima watoto 480 wa Benin na Togo. Karibu wote walikuwa na alama ya aflatoksini katika damu, na waliokuwa nayo zaidi ndio waliokuwa wafupi na wembamba zaidi. Ilionekana jibu la udumavu limepatikana. Lakini kulandana si kusababisha. Kwa hiyo watafiti wengine walifanya jaribio huko Meru na Tharaka-Nithi, Kenya: katika baadhi ya vijiji familia zilibadilishiwa mahindi mabaya zikapewa safi, katika vingine hapana. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Sumu katika damu ilipungua kweli. Katikati ya jaribio watoto wa vijiji vya mahindi safi walionekana kukua vizuri zaidi, lakini mwisho wa jaribio tofauti ya urefu haikuonekana tena.

Tuelewe nini? Kwamba mtoto hadumai kwa sababu moja. Tazama takwimu zetu wenyewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa ulioongoza kwa ubaya ni Iringa, zaidi ya nusu ya watoto wake, ukifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi! Iringa ina baridi, aflatoksini si mshitakiwa mkuu huko. Mahindi yapo tele, lakini mahindi matupu si lishe, na mama anayeshinda shambani tangu alfajiri hawezi kumlisha mtoto mara tano kwa siku, hata ghala lifurike. Nataja hili kwa makusudi, maana wapo wanaotaka kila tatizo la lishe sasa liitwe sumukuvu kwa kuwa jina ni jipya na lina wafadhili.

Nirudi kwenye hali ya hewa. Ulaya kwa miaka mingi iliona sumu hii kama jambo la nchi za joto, la kuzuiwa bandarini. Kiwango chao katika nafaka za kuliwa ni sehemu 4, kikali kuliko chetu. Basi mwaka 2012 ukame mkali ukazipiga nchi za Balkani. Mahindi ya Serbia yakaingia sumu, yakalishwa ng'ombe, na mapema mwaka 2013 sumu ikaonekana katika maziwa, maana ng'ombe akila aflatoksini sehemu yake hutokea katika maziwa. Serikali ya Serbia ilifanyaje? Ilipandisha kiwango kinachoruhusiwa mara kumi, na maziwa yaliyokuwa hayafai yakawa yanafaa. Nasi tusicheke sana, twayajua hayo. Mwaka 2016 watafiti wa Ulaya walichapisha hesabu zinazoonyesha kwamba joto likipanda kwa nyuzi 2, mashamba ya mahindi ya kusini mwa bara lao yatakuwa na tatizo hili mara kwa mara. Kama huko itakuwa hivyo, huku kwetu ambako joto limekwisha kuwepo sina haja ya kueleza.

Na biashara? Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilitangaza kuzuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yakakwama Namanga, maneno yakawa makali, na baada ya siku tano zuio likaondolewa kwa masharti, likiwemo la kila shehena kuwa na cheti cha kuwa chini ya sehemu 10. Kenya nayo, Novemba 2019, ilikuwa imesimamisha chapa tano za unga wa viwanda vyake yenyewe kwa sababu hiyohiyo. Kupima shehena si kazi rahisi. Sumu haikai sawasawa: gunzi moja laweza kuwa limeoza kwa sumu na la pembeni yake likawa salama. Ukichota hapa unapata jibu hili, ukichota pale unapata jingine. Wafanyabiashara wanaolalamika kwamba lori moja lilipata majibu mawili huenda hawasemi uongo.

Lakini mimi kinachonisumbua ni swali ambalo sikulisikia katika zogo lile. Lori likikataliwa mpakani linakwenda wapi? Mwenye mali hatayachoma mahindi yake kwa hiari, wala hakuna anayemlipa fidia. Mahindi yaliyokataliwa hushuka bei, na kinachoshuka bei humfikia asiye na bei. Ukaguzi wetu umewekwa kiwandani na mpakani. Mkulima anayevuna, kusaga na kula mwenyewe kijijini, ambaye ndiye aliyekufa Makueni na Chemba, hakaguliwi na mtu. Hata kilicho bora katika mavuno yake mara nyingi hukiuza, akabaki na masalio. Kila tunapokaza kiwango cha sokoni bila kumsaidia huyu, tunamsukumia yeye mabaya yote.

Dawa zipo, tena za bei nafuu kuliko mikutano. Mojawapo ilitokana na mashamba ya pamba ya Arizona, Marekani. Huko mtaalamu aitwaye Peter Cotty aligundua kwamba katika jamii ya ukungu huu wamo wasio na uwezo wa kutengeneza sumu. Ukiwatanguliza hao shambani kwa wingi, huwanyima nafasi wale wenye sumu. Taasisi ya kilimo cha nchi za joto yenye makao yake Ibadan, Nigeria, ilishirikiana na Wamarekani kutafuta ukungu wa namna hiyo katika udongo wa Afrika, ikatengeneza bidhaa iitwayo Aflasafe. Ni punje za mtama zilizopakwa ukungu mwema. Humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili tatu kabla mahindi hayajachanua. Majaribio yameonyesha sumu kupungua kwa asilimia 80 na zaidi. Tanzania iliisajili mwaka 2018, na Kenya kipo kiwanda chake Katumani, Machakos.

Kasoro yake si ya kisayansi. Mkulima akinunua Aflasafe, sokoni mahindi yake yanalipwa bei ileile ya jirani ambaye hakununua, kwa kuwa mnunuzi haoni tofauti. Faida inakwenda kwenye ini la mlaji asiyemjua. Mkulima wa ekari mbili anawezaje kubeba peke yake gharama ya afya ya taifa? Fedha za jambo hili zingetoka Wizara ya Afya, lakini Wizara ya Afya hainunui pembejeo. Wizara ya Kilimo hununua pembejeo, lakini hailipi gharama za wodi ya saratani. Viwanda na Biashara wana viwango, Mazingira wana mipango ya tabianchi. Gunia ni moja.

Kuhusu mjini, ambako wengi wenu mnanisikiliza na kunisoma, kuna mambo mawili matatu. Sumu hukaa zaidi katika ganda na kiini cha punje, kwa hiyo mahindi yaliyokobolewa hupunguza sehemu kubwa yake. Wapenzi wa dona watanikasirikia, maana tumeambiwa miaka yote kwamba dona ndiyo yenye lishe, na ni kweli. Dona ya mahindi mazuri ni bora, dona ya mahindi usiyoyajua ni kamari. Pumba nazo hazipotei. Huliwa na kuku na ng'ombe, na ya Serbia mmeyasikia. Uji wa lishe wa mtoto wenye karanga uangaliwe zaidi, kwa kuwa karanga ni mgonjwa mwenzake wa mahindi. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitolewe kabla ya kusaga, si baada. Kuchambua kwa mkono ni kazi ya kuchosha, lakini huondoa sumu nyingi, kwa kuwa mara nyingi imejikusanya katika punje chache mbovu.

Na anayenunua gunia kutoka kijijini, au mwenye ndugu anayevuna, kuna kipimo kisichohitaji maabara. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, hayafai kuwekwa ghalani. Yarudishwe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo, maana udongoni ndiko kuvu anakoishi. Chumvi ikiteleza chini bila kushika kioo, yamekauka. Kipimo hiki hakikwambii kama sumu imekwisha kuingia huko shambani. Kinakwambia tu kama utaiongeza.